Babangu kanipa kiwanja ukingoni mwa hori, mume wangu ataka tuhame Mombasa

Asalaam alaykum, Shangazi.

Nimezaliwa Kuze, Mji wa Kale, nikasomea hapa hapa Mombasa, nikaolewa hapa hapa. Sasa tumepanga Mikindani, mimi na mume wangu na watoto wetu wawili. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mume wangu ni Mtaita, fundi wa umeme, mtu wa watu na mwenye subira. Natanguliza hilo ili nikifika kwenye ugomvi wetu usije ukamdhania vibaya.

Babangu ameamua kutugawia mali yake akiwa bado na nguvu zake, ili tusije tukafikishana kwa kadhi yeye akishatangulia. Fungu langu ni kiwanja kilicho ukingoni mwa hori la Tudor, ule mkono wa bahari, upande wa bara. Alikinunua ujanani, wakati mikoko mbele yake ilikuwa imefungamana hata maji huyaoni, wasikia sauti yake tu. Anakipenda kuliko nyumba anayokaa. Siku aliyonionyesha hati aliniambia, "Hapa ndipo nilipotaka kujenga mimi, Mungu hakujaalia. Jenga wewe."

Shangazi, nililia kwa furaha. Kodi inatumaliza. Wenzangu ofisini wanatafuta kiwanja hawakipati, mimi nimepewa.

Kisha nikaenda kukitazama siku ya bamvua, maji yamejaa. Yalikuwa yamevuka jiwe la mpaka la upande wa mbele, na ndani ya kiwanja mna mashimo ya kaa. Jirani wa kulia amejenga nyumba ya matofali. Plasta ya chini imevimba na kumeguka mpaka usawa wa goti. Nilipitisha kidole kikatoka na unga mweupe, nikauonja, ni chumvi. Mama wa nyumba ile akanionyesha kisima chao. Zamani walikinywa, leo wanakifulia tu, na sabuni haitoi povu. Mbele yetu mikoko imebaki visiki, na kati ya visiki tope limejaa pampas, chupa na magunia.

Niliporudi nikamsimulia mume wangu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Nilikwambia. Mji huu unakwenda na maji. Twende Voi, shamba la baba lipo." Tangu hapo kila tukikaa ni hilo. Yeye si mtu wa pwani, na kwake kuhama ni kubadilisha anwani. Kwangu mimi ni kung'olewa. Mimi nikikaa mbali na Mombasa kwa muda naanza kuota harufu yake: mahamri na mbaazi alfajiri, udi wa jioni ukitoka madirishani, mihogo ya pilipili na ndimu pale Mama Ngina meli zikipita karibu hata waweza kusoma majina yake. Nitampeleka wapi mtoto wangu akaone meli?

Nilipomweleza mamangu hofu yangu alikasirika. Akaniambia naufanyia mji uchuro. "Wazee wako wamekaa na bahari hii karne na karne, haikuwameza. Wewe umesoma kidogo tu, sasa waizamisha Mombasa kwa mdomo." Tangu siku hiyo nikitaja mvua au bahari anageuza uso.

Na si bahari peke yake. Mvua kubwa za Novemba 2023 maji yaliingia chumbani kwetu hapa Mikindani, maji meusi, yanayonuka. Sasa wingu likitanda silali. Mvua ikianza, majirani huja na taka zao wakazimwaga mtaroni ili maji yazichukue. Nimeshagombana nao. Mmoja tulifikia kutoleana maneno ambayo mtoto wangu hakupaswa kuyasikia. Wananiita Bi Mazingira, na si kwa wema.

Juzi mwanangu mkubwa amerudi kutoka shuleni akaniuliza, "Mama, ni kweli Ngomeni, pale Fort Jesus, patazama? Na nyumba ya nyanya?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia ale.

Shangazi, nijenge au nisijenge? Nimfuate mume wangu bara? Nikiondoka, si nitakuwa nimeukimbia mji wangu ukiwa mgonjwa? Na nikibaki, hofu hii nitaiweka wapi?

Mwanao, Mikindani

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Naanza na kiwanja, kwa sababu hilo halingoji: usijenge pale. Usijenge hata chumba kimoja cha kupangisha. Najua babako atakavyoumia, na nitalifikia hilo, lakini sitakuzungusha kwa maneno matamu kisha ukazike akiba yenu kwenye tope.

Ulichokiona siku ile hakikuwa bahati mbaya ya siku moja. Hapa kwetu, siku za bamvua kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mabamvua makubwa zaidi huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Kama ulikwenda mwezi mwingine basi hujaona mwisho wake. Nenda tena wakati huo, na uangalie mstari wa takataka ulioachwa na maji, majani makavu na vipande vya plastiki vilivyojipanga. Mstari huo husema kweli kuliko dalali yeyote. Kisha fikiria masika yamemwaga juu, mitaro yote ya Mikindani na Jomvu inateremka kuja horini, na hori lenyewe limejaa. Maji yale yatakwenda wapi kama si mlangoni kwako?

Fundi atakwambia atapandisha msingi. Msingi wa juu huzuia maji kuingia sebuleni, lakini hauzuii chumvi. Tofali hunyonya maji kutoka chini, maji hukauka, chumvi hubaki ndani na kuvimba, ndipo plasta hutoka unga kama ulivyouonja. Ikizifikia nondo, huzila kutu, na saruji hupasuka. Jambo jingine ambalo watu hulinyamazia kwa aibu ni choo. Shimo la choo lililochimbwa mahali ambapo maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari hujaa kutoka chini. Kila bamvua litakuletea choo chako uani, na kitakachobaki kitaingia kwenye kisima cha yule mama aliyekukaribisha.

Kuna na mambo ya sheria, na hapa uwe macho. Mikoko yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, yaani ardhi ile inayofunikwa na kufunuliwa na maji. Ikiwa bahari sasa inavuka jiwe lako la mpaka, huenda sehemu ya kiwanja unachodhani ni chako haiuziki wala haijengeki, hata kama hati ni halali. Tafuta mpima ardhi mwenye leseni, aje na ramani ya kiwanja, akuonyeshe mawe yote yalipo na maji ya kujaa yanafika wapi. Kagueni hati kwenye ofisi ya ardhi. Fanya hivyo kabla hujamjibu babako lolote, kwa sababu atakuuliza, nawe yafaa uwe na jibu lililopimwa.

Sasa twende kwa mwanao, maana swali lake ndilo swali lako.

Mwambie: si mji wote, wala si kesho. Hiyo si hadithi ya kumbembeleza, ni kweli. Bahari duniani inapanda zaidi ya milimita 3 kila mwaka, na mwendo huo unaongezeka. Kuna makadirio ya wataalamu yanayonukuliwa sana, huenda ndiyo mwalimu wake aliyoyasoma, kwamba bahari ikipanda kwa mita 0.3 kiasi cha asilimia 17 ya Mombasa kitakuwa chini ya maji. Ni kikubwa. Ni nyumba za watu, ni fuo, ni kingo za mahori kama hilo lenu. Lakini sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ulioinuka juu ya bahari, na Ngome imejengwa juu ya mwamba huo tangu 1593. Kinachotokea Ngomeni ni mawimbi kuula mwamba kwa chini, ndiyo maana serikali ikajenga ukuta wa kuyazuia. Mpeleke mwanao akauone. Mtoto akiona hatari kwa macho, na akaona na kazi ya mikono iliyofanywa kuizuia, hulala vizuri kuliko mtoto aliyeambiwa ale anyamaze. Na nyumba ya nyanyake Kuze haiko ukingoni mwa tope. Mwambie hilo wazi, usiku huu.

Mimi naona umeitazama bahari mno hata ukasahau yaliyo karibu zaidi. Maji yaliyoingia chumbani kwenu Novemba 2023 hayakutoka baharini. Yalitoka mawinguni, yakakuta mitaro imezibwa na ardhi ya chini imejengwa, yakaingia kwako. Hayo ni mambo ya watu na serikali ya kaunti, na yanatengenezeka. Mikoko ya hori la Tudor, kati ya 1992 na 2009, ilipotea zaidi ya robo tatu yake, na huo ni muda ambao bahari ilipanda sentimita chache tu. Ilikatwa kwa kuni na boriti, ikamwagiwa maji machafu, ikafunikwa na matope ya mvua za El-Nino za 1997 na 1998. Mikoko hupumulia mizizi yake iliyo nje. Tope likiifunika, mti hufa umesimama. Visiki ulivyoviona ni hesabu ya matendo yetu. Nasema hivi kwa uchungu, na pia kwa matumaini, kwa sababu tulichokiharibu kwa mikono yetu tunajua pa kuanzia kukirudisha.

Na vimerudi vingine. Wewe wa Mikindani wapita Makupa kila siku ukienda kazini. Miaka mingi njia ile ilikuwa tuta la mawe na udongo lililoziba maji, upande wa Tudor na upande wa Port Reitz haviwezi kukutana. Daraja lilipofunguliwa 2022 maji yakaanza kupita tena chini yake. Pale kando, Kibarani, palikuwa na jaa ambalo sote tulilipita tumeziba pua, moshi usiku na mchana, mpaka lilipofungwa 2018 na kupandwa miti. Sitakuficha kwamba taka zile hazikutoweka, zilihamia Mwakirunge, na watu wa Mwakirunge wana haki ya kuuliza kwa nini kwao. Hata hivyo ukingo ule wa bahari umepona, na mimi nikipita nashukuru.

Kule Bamburi, wengi tumepelekwa na shule kutazama twiga na viboko pale Haller Park bila ya kuambiwa palikuwa nini. Palikuwa shimo tupu la kuchimbia mawe ya saruji, mwamba mweupe usio na udongo. René Haller alianza kupanda miti mnamo 1971. Miti mingi ikakataa, mivinje ikakubali, na majongoo yakaletwa kuyala majani yake makavu na kuyafanya udongo. Msitu ule mzima umesimama juu ya kinyesi cha majongoo na subira ya miaka. Mwonyeshe mwanao na hayo.

Kuhusu Voi sitasema mumeo ana makosa. Ana shamba, ana wazee wake, na ana haki ya kutamani kwao kama wewe unavyotamani kwako. Lakini asikuuzie bara kama mahali pasipo na hatari. Ukame wa 2020 hadi 2022 uliwakumba watu wa Taita Taveta vibaya, na tembo wanaoingia mashambani anawajua yeye kuliko mimi. Isitoshe, Mombasa hainywi maji yake yenyewe. Tunanywa ya chemchemi za Mzima, yanayotokana na mvua za milima ya Chyulu. Tunanywa ya Baricho kule mto Sabaki, ya Marere yanayotoka Shimba Hills, na ya Tiwi. Bomba la Mzima lapita huko huko kwao. Kwa hiyo misitu ya huko ikikauka, bomba la Mikindani litakauka. Mumeo akipenda kulinda Voi anailinda na Mombasa, na wewe ukibaki Mombasa hujayakimbia matatizo ya Voi. Mkae mkijua hilo, mtaacha kubishana kwa njia ya mji wangu na mji wako.

Ushauri wangu kwenu wawili ni huu. Msihame sasa, kwa sababu kazi zenu ziko hapa na watoto wanasoma hapa, na wewe ukiondoka kwa hofu hutaishi Voi, utaishi na simu mkononi ukitafuta habari za mvua ya Mombasa. Lakini msijenge ukingoni. Tafuteni kiwanja kidogo mahali pa juu upande wa bara, hata kikiwa mbali na barabara, hata ikibidi mjenge chumba kimoja kimoja. Mnapokitafuta, nendeni kukiona siku ya mvua kubwa, msiende siku ya jua. Waulize wanaouza maji kwa mkokoteni na wenye vibanda vya pembeni, wao wanajua mtaa gani hufurika. Mtazame na mtaro unaelekea wapi na nani amejenga juu yake. Na mumeo ajue kwamba shamba la Voi lipo, halikimbii. Mkiweka mizinga au mkapanda miti huko, mtakuwa mmejenga pahala pa pili pa kukimbilia bila ya kulitupa la kwanza.

Umeuliza kama kuondoka ni kuukimbia mji ukiwa mgonjwa. Mwanangu, watu wa Mombasa wamekuwa wakiondoka tangu enzi za majahazi, wakaenda na kaskazi na kusi, na hakuna aliyewaambia wameusaliti mji. Ukiondoka siku moja kwa sababu ya kazi au ya ndoa, nenda na moyo mweupe. Ninachokukataza ni kuondoka kwa kukata tamaa, na ninachokukataza zaidi ni kubaki kwa kujidanganya. Mapenzi ya mji hayakulazimishi kulala na watoto mahali unapojua patafurika.

Mamako naye tumwelewe. Hakukasirika kwa kuwa hajui. Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale ameona miti ya Mama Ngina ikianguka, ameona samaki wakipungua sokoni, ameona visima vikigeuka chumvi. Anajua. Amekaa na bahari hiyo maisha yake yote, na wewe ukaja kumwambia itammeza, alisikia unamzika. Usimpelekee tena asilimia wala milimita. Muulize maswali. Muulize samaki gani walikuwa wakiuzwa alipokuwa msichana ambao leo hawaonekani, kisima gani kilikuwa kitamu, maji ya bamvua yalikuwa yakifika ngazi ya ngapi pale forodhani. Atakusimulia mpaka kahawa ipoe, na utapata elimu ambayo ofisi nyingi hazina. Uchuro hatautaja tena.

Majirani na mtaro. Hapo nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakupenda. Yule jirani anayemwaga taka mvua ikianza hafanyi hivyo kwa kuichukia Mombasa. Anafanya kwa sababu lori la taka halifiki kwenye uchochoro wenu na gunia limeshaanza kunuka mlangoni mwake. Ukimtukana leo, kesho atamwaga usiku. Kaa na mwenye nyumba wenu, na wenye nyumba wa jirani, mkubaliane kila mpangaji atoe kiasi kidogo pamoja na kodi, vijana wenye mkokoteni wakusanye taka kwa siku maalumu na wazipeleke panapohusika. Vijana hao wapo kila mtaa, hawana kazi, na wengi wameshaanza wenyewe. Anza na ploti yenu tu. Kisha chukueni picha za mtaro kabla ya masika, mziandikie ofisi ya wadi na ya kaunti kwa jina la wakaazi, mpeleke kwa mkono, mgongewe muhuri nakala yenu. Barua iliyogongwa muhuri ina nguvu ambayo kelele za uani hazina.

Mkipuuzwa, mjue haki zenu. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, na hulazimiki kuonyesha kwamba mtu ameshapata hasara au ameshaumia. Yaani huna haja ya kungoja mtoto augue. Usidhani ni maandishi matupu. Hapo hapo karibu nanyi, kijiji cha Owino Uhuru kilitiwa sumu ya risasi na kiwanda kilichoyeyusha betri. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakaazi wakapigana kwa miaka. Yeye akapewa Tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, mahakama ikawapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikapingwa, na Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi Desemba 2024. Ilichukua muda mrefu mno, na watoto waliodhurika hawarudishiwi afya kwa hukumu. Nakutajia ili ujue kwamba akina mama wa mtaa wa kawaida, majirani zako, wamesimama mbele ya serikali na wameshinda.

Hofu yako ya usiku sitaki uifukuze. Ni ya mtu mwenye akili aliyeona maji meusi chumbani mwake. Lakini ipe mpaka. Weka vyeti na hati juu ya kabati ndani ya mfuko usiopitisha maji, inueni swichi na soketi za chini, mumeo ni fundi na hiyo ni kazi ya Jumapili moja. Jueni mtalala kwa nani maji yakiingia tena. Ukishafanya hayo, wingu likitanda utakuwa na la kujiambia. Na usingizi ukiendelea kukupaa hata wakati wa kiangazi, hata mbingu zikiwa safi, nenda hospitali ukamweleze daktari, usione haya.

Sasa babako.

Usimrudishie zawadi yake. Hiba ikirudishwa huuma kama kofi. Kipokee kiwanja, na umwombe ridhaa kwamba kirudi kuwa alivyokipenda. Alikinunua kikiwa na mikoko mbele yake. Mwambie unataka irudi. Si ndoto. Gazi, kule Kwale, wanakijiji walianzisha Mikoko Pamoja mnamo 2013, wakatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti ile, fedha zikaingia kwenye maji na shule ya kijiji. Kiwanja chako ni kidogo, hakitakupa fedha hizo, lakini kinaweza kuwa kitalu na mlango wa kuingilia kwa kikundi cha vijana wanaopanda horini. Waulizeni kwanza idara ya misitu, kwa sababu ukingo ule una mwenyewe, na waulizeni watafiti wa bahari walioko Mkomani ni mti gani unafaa wapi. Wengi hukosea hapa: wanachomeka mbegu za mkoko popote penye tope, zinakufa zote, wanasema Mungu hakupenda. Mlilana hukaa mbele kabisa unakopigwa na maji, mkoko nyuma yake, mchu huvumilia chumvi kali ya upande wa nchi kavu. Na kabla ya kupanda chochote toeni plastiki, kwa sababu magunia huzunguka na maji na kuing'oa miche.

Jirani yako wa plasta iliyomeguka atakuwa wa kwanza kukushukuru, maana mikoko ikisimama mbele yenu mawimbi yatapungua nguvu hata kwake.

Nenda kwa babako alasiri, ukiwa na mumeo na ramani ya mpima ardhi, na nduguzo wawepo ili asidhani unajitenga. Mpe kwanza nafasi asimulie jinsi alivyokinunua. Halafu mwombe mwende wote pale siku ya bamvua, mkamsimamishe kwenye jiwe lake la mpaka, na mumwache aangalie maji mwenyewe kabla ya mtu yeyote kusema neno. Akikataa kuja siku hiyo, ngojeni bamvua jingine. Lipo kila mwezi mwandamo na kila mbalamwezi.

Nisalimie mamako.

Shangazi